Sports car ya kwendea kazini: gari la kijani lililokuwa linachemka, na debe la maji la mama yangu

Wakuu, habari za jioni. Na kama humu yupo aliyenizidi umri, shikamoo, ingawa nina shaka.

Juzi kijana mmoja wa Moshono aliuliza anunue sports car ipi ya kwendea kazini mjini kila siku. Alitaka iwe na raha na isimwangushe njiani. Mmemjibu vizuri: injini, spea, ulaji wa mafuta, mashimo ya barabara ya kwao. Nami nilianza kumjibu pale pale, jibu likarefuka, nikaona nilifungulie uzi wake.

Nitakayosimulia yalinipata mimi mwenyewe, Mwingereza akiwa bado anatawala. Kwenye dakika naweza kuteleza kidogo. Mengine yote, watu wa Nkoaranga mpo humu, nikiongopa mniumbue hadharani.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, karani mkalimani wa mahakama mjini Arusha.

Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya hakimu Mwingereza na mtu wa mlimani. Huyu akisema Kimeru, nakipeleka kwenye Kiingereza. Yule akisema Kiingereza, nakirudisha Kimeru. Mkalimani wa Kimeru nilikuwa peke yangu. Nisipokuwepo, kesi ya mtu asiyejua lugha nyingine inaahirishwa, na yeye anarudishwa mahabusu.

Hilo lishikeni, uzi wote umesimama hapo.

Nyumbani kulikuwa Nkoaranga juu, katikati ya migomba na kahawa ya baba. Kila asubuhi nilishuka kwa miguu hadi barabara kuu, nikasubiri basi. Basi lilikuja lilipojisikia. Asubuhi moja lilipita limejaa, likaniachia vumbi tu, nikafika mahakamani watu wameshaanza kutazamana.

Hakimu hakupiga kelele. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Alitoa saa yake mfukoni, akailaza mezani, akasema: "Tafuta usafiri wako, au mimi nitafute mkalimani wangu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutafuta gari.

Miaka ile kahawa ilikuwa imemnyooshea baba mambo, akakubali kunisaidia. Bei nitaiacha, hadithi haiko huko. Magari yaliyokuwa yanauzwa karibu nasi yalikuwa mawili.

La kwanza, pikapu ya kijivu ya mwenye duka wa Tengeru. Nzito, polepole, inanguruma kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Ilikuwa imebeba mbao, saruji na mbuzi miaka yote bila kugoma.

La pili ndilo lililoniua. Sports car. Viti viwili, turubai la kukunja, rangi ya jani la mgomba baada ya mvua, limelala chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono nje unaweza kuchuma nyasi. Jina la kampuni nalificha, maana nitalisema vibaya hapo kati halafu nilisafishe mwishoni, na sitaki kesi.

Lilikuwa la mlowezi mmoja, mwenye shamba upande wa chini, mashariki ya Usa, kule ambako mto unapita na maji ya rangi ya chai. Watu walimwita Bwana Kofia. Alikuwa anarudi kwao Ulaya. Watu watatu walikuwa wamelijaribu gari lake na wote walilirudisha. Sababu moja: linachemka.

Mimi nilikuwa na daftari kabatini, nikiota kuandika riwaya. Jumamosi tulikutana vijana watatu tukasomeana tulichoandika, tukagombana juu ya neno moja mpaka chai ikapoa. Kijana wa namna hiyo ukimwonyesha pikapu na gari lile siku moja, umeshajua moyo wake umeangukia wapi. Nililitazama nikaona sentensi ndefu isiyo na koma, inayoteremka mlima.

Nikayapeleka yote mawili kwa fundi Balbiri, Mhindi wa gereji moja mjini, kilemba cheupe, mikono myeusi kwa grisi. Pikapu aliipiga teke la gurudumu akacheka kwa furaha. Gari la kijani alilifungua boneti, akaiinamia injini muda mrefu.

"Karani," akasema, "hii gari zuri. Nzuri sana. Kama mke wa mtu."

"Maana yake nini, fundi?"

"Maana yake angalia, halafu nenda nyumbani na pikapu."

Baba alipopata habari alikaa kwenye kigoda, akanitazama. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno ya kuhesabu.

"Bwana Kofia amekubali ulijaribu siku sita?"

"Ndiyo, baba. Jumatatu mpaka Jumamosi."

"Basi sikiliza. Unataka gari la kukufikisha kazini au la kukuchekesha?"

"Yote mawili, baba."

"Likikuchelewesha hata siku moja, umechagua pikapu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Jumatatu, wakuu, niseme nini.

Barabara ya malori ya kahawa ilifika mpaka kwetu. Niliteremka nayo asubuhi, turubai limekunjwa, ukungu unanipiga usoni, Meru iko mgongoni kama mtu anayenisukuma. Kwenye kona gari liligeuka kabla sijamaliza kufikiria kona. Nilipofika barabara kuu nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Nilifika mahakamani kabla ya tarishi mwenye ufunguo.

Jioni watu wa kijijini walikuja kulitazama. "Hiki ni gari au ni kiatu?" mmoja akauliza. Basi likaitwa Kiatu. "Karani amevaa Kiatu leo!" walipiga kelele kila nilipopita. Sikujali.

Jumanne, kwenye ule mpando mrefu unaotoka Tengeru kuelekea Kimandolu, nikaona mshale wa joto umeanza kutembea.

Kijana wa Moshono, wewe gari lako litakuwashia taa. Sisi tulikuwa na mshale mdogo mweupe kwenye kioo cha duara. Kushoto baridi, kulia jekundu. Ulipita katikati, ukaendelea pole pole, kama mtu anayenyemelea kuku. Nikapunguza mwendo. Ukasimama karibu kabisa na jekundu. Nikaingia mjini nimeshika usukani kwa mikono yenye jasho.

Jumatano uliingia kwenye jekundu.

Mvuke ukatoka boneti nzima. Nikaegesha kando, na kwa haraka na ujinga nikafungua kifuniko cha rejeta hapo hapo. Maji yaliyochemka yaliruka yakanishika mkono wa kulia. Alama yake ipo mpaka leo, naiona ninapoandika hapa, ina umbo la jani.

Nikafunga leso mkononi. Chini ya barabara, bondeni, palikuwa na chemchemi. Nikashuka na kopo, nikachota, nikapanda, nikajaza, nikashuka tena. Niliingia mahakamani zimebaki dakika tatu, shati limelowa.

Alhamisi sikufika kwa wakati.

Lilichemka mapema zaidi, kabla hata ya Kimandolu. Nilisubiri lipoe, nikajaza, nikaondoka, likachemka tena. Nilipoingia, hakimu alikuwa ameshakaa. Mbele yake alisimama mwanamke wa kwetu juu, Mama Anaeli, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mtoto mchanga amembeba mgongoni. Alishtakiwa kupika pombe ya ndizi bila kibali. Alikuwa amekaa mahabusu wiki mbili na yule mtoto, akisubiri siku hiyo. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu.

Kesi yake ilikuwa ya kwanza. Mkalimani hakuwepo. Ikasogezwa hadi kesho yake.

Aliponipita akirudishwa, aliniangalia. Hakukasirika. Aliniuliza kwa Kimeru, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za ng'ombe: "Mwanangu, ulikuwa wapi?"

Niseme nilikuwa njiani nachotea maji gari la kuchekesha?

Hakimu aliniita ofisini. Saa iko mezani tena.

"Kesho mchana nasafiri. Nitazunguka wilayani mwezi mzima. Kesi ya yule mwanamke itasikilizwa kesho saa mbili kamili asubuhi, au itasikilizwa nikirudi. Ukichelewa kesho, usije tena. Na yeye atasubiri huko ndani. Unaelewa?"

"Naelewa, bwana."

Nikaenda kwa Balbiri. Alitazama injini, akatazama mkono wangu uliofungwa leso.

"Pampu mzima. Feni mzima. Belti mzima. Rejeta haina tundu. Basi tatizo ndani ya moyo," akasema. "Rudisha, Karani. Mimi sioni ugonjwa, na ugonjwa ambayo fundi haoni ndiyo ya kuogopa."

Nikapita Tengeru nichukue pikapu mchana ule ule. Mwenye duka alikuwa ameondoka nayo kwenda Moshi kuleta mzigo. Kurudi, Jumamosi.

Nililipandisha Kiatu mpaka nyumbani kwa mwendo wa ng'ombe. Nikamweleza baba kila kitu, sikuficha.

"Umechelewa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Basi limeshachaguliwa. Jumamosi pikapu. Kesho utakwenda kwa miguu. Utaondoka jogoo wa kwanza."

"Baba, ni safari ya saa nne au tano, na mvua ya jana imeharibu njia. Nikiteleza nikavunja mguu je?"

"Na basi?"

"Basi ndilo lililonifikisha hapa."

Hapo ndipo mama alipotoka jikoni na ungo wa maharage, akipita karibu na gari.

Mama yangu hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alisimama, akalitazama. Kwenye boneti, pale maji yalipomwagika na kukauka, palikuwa na michirizi myeupe. Kwenye kifuniko cha rejeta palikuwa na ukoko kama wa sufuria. Akaukwangua kwa kucha.

Akaulamba.

"Mama! Huo ni uchafu wa injini!"

"Hii ni magadi," akasema.

"Siyo magadi, mama. Ni chokaa ya chuma, sijui nini, Balbiri..."

"Huyo Balbiri amepika maharage mara ngapi? Mimi napika tangu kabla hujazaliwa. Hii ni magadi. Hili gari lako linakunywa wapi?"

Nikasema kwa Bwana Kofia, chini.

"Wapi chini?"

"Kule kwenye mto wa rangi ya chai."

Aliweka ungo chini taratibu.

"Na wewe ulipoliongezea, uliongeza maji gani?"

"Ya chemchemi ya bondeni. Chini ya barabara."

Akapiga makofi mara moja, kama anavyofanya mtu wa kwetu akisikia msiba au upuuzi. "Mtoto wa juu wewe! Unafikiri mlima wote una maji kama ya kwenu?"

Wakuu wa pwani na wa bara nyingine, hapa niwafafanulie. Meru ina maji ya namna mbili. Ya juu ni matamu, unakunywa unashukuru. Mengi ya chini yamepita kwenye udongo wa magadi. Watu waliokulia nayo wana meno ya kahawia. Maharage yakipikwa nayo yanaiva haraka, lakini sufuria linaota ukoko mweupe, mgumu, usiotoka kwa kusugua. Kila mwanamke wa kule anajua hili. Sisi wanaume wa juu, tuliozaliwa mlango mmoja na chemchemi tamu, tunaona maji ni maji. Na Balbiri alijua chuma chote cha dunia, lakini hakuwahi kuuliza maji yametoka upande gani wa mlima.

"Sufuria langu likishika ukoko," mama akaniuliza, "naliosha na nini?"

"Malimau."

Alikwangua ukoko kidogo zaidi, akauweka kwenye kisahani. Akakata limau, akakamua juu yake.

Ule unga ukachemka. Bila moto, pale kwenye kisahani, ukatoa povu, ukalia chiii, halafu ukawa maji.

Tukatazamana wote watatu.

Baba aliinuka, akachukua kikapu, akaenda kwenye milimau nyuma ya zizi. Jua lilikuwa bado liko juu ya migomba aliporudi, kikapu kimejaa, na kanzu yake ya kanisani imechanika kwa miiba.

Tulikamua mpaka vidole vikawasha, mkono wangu ulioungua ukalia kivyake. Mama akachuja kwa kitambaa, mbegu isipite, akachanganya na maji ya moto. Tukamwaga yote ndani ya rejeta. Nikawasha injini. Ndani kukaanza kusikika mlio kama wa mtu anayesukutua. Nikazima, tukaliacha lilale na tumbo lake la malimau.

Asubuhi, kulipopambazuka tu, nilifungua chini. Yaliyotoka siwezi kuyaita maji. Yalikuwa uji wa kijivu wenye magamba meupe. Tukajaza maji ya chemchemi yetu, tukamwaga. Tukajaza tena, tukamwaga. Mara ya tatu yakatoka meupe. Mimi nikawa natazama jua tu.

Saa kumi na mbili na nusu ikanikuta bado niko uani.

Nikaingia kwenye gari. Mama akafungua mlango wa pili.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nakwenda na maji yangu."

Alikuwa amevaa khanga zake za ibada, na mikononi ana debe la maji, limefunikwa kwa jani la mgomba. Akakaa. Akaliweka debe kati ya magoti. Kiti kile kilitengenezwa kwa ajili ya mabinti wa Ulaya wenye skafu, na ninawahakikishia, hakikuwahi kubeba abiria aliyenyooka vile.

"Teremka pole pole," akasema. "Maji yakimwagika tutarudi kuchota."

Tukateremka. Barabara kuu. Mshale uko kushoto, umetulia. Nikaanza kupumua.

Kabla ya Tengeru ukaruka.

Haukunyemelea kama siku nyingine. Uliruka kutoka katikati hadi jekundu kama umeumwa na kitu. Nikazima injini, gari likaserereka kimya hadi kando. Saa moja kasorobo.

Nilijua kosa langu papo hapo. Malimau yalikuwa yamebandua magamba makubwa usiku kucha. Mengine yalibaki juu, na sasa mtikisiko ulikuwa umeyashusha yakaziba mpira wa chini wa rejeta. Dawa ni kuvua mpira, kuyatoa, kujaza maji upya. Kazi ya dakika kumi.

Lakini huwezi kuigusa injini iliyochemka. Nikaupeleka mkono kwenye kifuniko. Mama akaukamata, ule ule wenye leso.

"Usiguse."

"Mama, saa moja kasorobo!"

"Nimesema usiguse. Ukiungua mkono wa pili, nani atashika usukani? Mimi?"

Wakuu, nimepitia mengi tangu siku ile. Nimezika, nimeuguza, nimesubiri majibu ya hospitali. Lakini kusubiri kule kando ya barabara, bila kufanya chochote, huku naliona jua linapanda juu ya mashamba ya kahawa na nikijua kuna mwanamke anafungua macho kwenye sakafu ya mahabusu akiamini leo nitakuwepo, sijawahi kukusahau.

Basi likapita. Nilipunga mkono nusu, nusu nikaushusha. Lilikuwa limejaa mpaka ngazini, halikupunguza hata mwendo. Mtu mmoja akapiga kelele dirishani: "Karani, Kiatu kimekubana leo?"

Mama akamjibu kwa nguvu: "Na wewe shuka utuonyeshe miguu yako!"

Kisha akakaa tena na debe lake, akaanza kuimba wimbo wa kanisani chini chini. Beti zote. Nilitaka kumwomba anyamaze. Baadaye nilielewa kwamba hakuwa na saa, alikuwa anapima kwa beti. Alipomaliza ubeti wa mwisho akagusa boneti kwa kiganja, kama anavyogusa chungu.

"Sasa," akasema.

Saa moja na dakika kumi. Nililala chini kwenye matope na shati la kazi. Nikalegeza kibano kwa bisibisi, mpira ukatoka, maji ya moto yakapita sentimita chache na sikio langu. Nikaingiza kidole. Gamba moja kubwa kama kipande cha sahani, na madogo nyuma yake. Nikayachokoa yote. Nikarudisha mpira, nikakaza. Mama akainua debe.

"Mimina injini ikiwa imewaka," nikamwambia. "Maji ya baridi kwenye chuma cha moto yatakipasua."

"Nani alikuambia haya ni ya baridi?" akasema. "Nimeyaanika juani njia nzima, na mapajani mwangu." Nikawasha injini, akamimina taratibu, hakumwaga tone.

Saa moja na dakika ishirini na tano tuliondoka.

Mpando wa Kimandolu ukaja. Hapo ndipo lilipokufa Jumatano. Nilikanyaga mafuta na sikutazama barabara sana, Mungu anisamehe, nilitazama mshale. Ukaanza kupanda. Ukafika katikati. Ukapita katikati kidogo.

"Unatazama nini?" mama akauliza.

"Hicho kimshale. Kikigusa jekundu, basi."

Naye akaanza kukitazama. Wote wawili, vichwa vimeinama, upepo unatupiga.

Kikasimama.

Kikakaa pale pale, kimetulia kama mtu aliyepata kiti. Nikabadilisha gia. Hakikusogea. Nikaongeza mwendo, na lile gari, wakuu, ambalo siku tatu lilikuwa limenitambaza, likaenda. Lilienda kama lililokuwa linasubiri mtu alisafishe koo ili liseme. Mama alishika khanga kichwani kwa mkono mmoja na debe tupu kwa mwingine. Sikumsikia akipiga kelele. Nilimsikia akicheka.

Niliingia mahakamani zimebaki dakika mbili. Mgongo wote matope. Hakimu alitazama saa yake, akatazama shati langu, akairudisha saa mfukoni. Sikuiona mezani tena tangu siku hiyo.

Mama Anaeli akapandishwa.

"Muulize," hakimu akasema, "kwa nini hakuomba kibali?"

Nikamuuliza. Akajibu kwa Kimeru, huku anambembeleza mtoto: "Mwambie mtoto wa dada yangu alikuwa anabatizwa Jumapili. Kibali kinachukua mwezi. Tumwambie mchungaji amshikilie mtoto juu ya maji mwezi mzima?"

Nikatafsiri neno kwa neno, sikupamba. Hakimu alifunika mdomo kwa karatasi. Alipoishusha alimpa onyo, akasema wiki mbili alizokaa zinatosha, aende nyumbani.

Nilimtafsiria. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Amesema niende?"

"Ndiyo, mama. Nenda nyumbani."

Nje, mama yangu alikuwa amesimama kando ya gari, anawafukuza watu wasiliguse. Viti vilikuwa viwili. Alimfungulia Mama Anaeli mlango.

"Panda. Mimi nitangojea basi."

"Niingie kwenye hiki kiatu?"

"Ingia. Kimefuliwa."

Jumamosi nilimpelekea Bwana Kofia jibu. Ningeweza kunyamaza, nikalichukua kwa bei ya gari bovu. Nikamweleza yote, mpaka malimau. Alikuwa ameshika glasi ya maji barazani. Aliiinua akaitazama juani, rangi ile ya chai iliyochujwa vibaya.

"Miaka mingi nimewalaumu waliolitengeneza," akasema. Kisha akaniuliza jina la mama yangu, akaliandika kwenye karatasi ya mauzo chini ya langu, kwa mkono wake. Akaniuzia vile vile tulivyokubaliana.

Baba aliitazama karatasi ile muda mrefu. Mkataba wetu alikuwa na haki ya kuudai, maana Alhamisi nilichelewa. Alichosema ni hiki tu: "Milimau nayo ilikuwemo kwenye siku sita." Pikapu hakuitaja tena, akaingia ndani kushona kanzu yake.

Nililiendesha gari lile kila siku ya kazi mpaka Mwingereza alipoondoka, na miaka mingi baada ya hapo. Halikuchemka tena. Debe la maji ya kwetu lilikaa kiti cha pili daima, na lilipokosekana abiria lilifungwa kwa kamba ya katani kama mtu. Nilipoliuza hatimaye, mnunuzi alinionyesha kwenye ngozi ya kiti alama ya pembe nne, imezama, akaniuliza ni kitu gani kilichokaa hapo miaka yote.

Mama alikuwa ameshafariki. Nilimwambia ni maji, nikageuka upande wa mlima.

Sasa nirudi kwako, kijana wa Moshono. Nunua sports car, usiogope. Raha na kutegemewa vinaweza kukaa kwenye gari moja. Ila ukienda kulikagua, ukishauliza injini na spea, muulize mwenye gari lilikuwa linakunywa maji ya wapi. Halafu kabla hujatoa jibu, lipeleke kwa mama yako, umwache alizunguke mara moja, hata kama hajui kulitaja jina.

Wakuu, nani humu gari lake liliwahi kuokolewa na mtu ambaye si fundi? Tupieni hapa chini. Na wale wa Maji ya Chai, kule kwenye mto wa Bwana Kofia, mnaotaka kunibishia kuhusu maharage, karibuni, nawasubiri.